Jino Linaposema Mume, na Jino Linaponyamaza

Ami yangu alikuwa akichimbisha karo la choo nyuma ya nyumba yake, kaskazini ya Pemba. Vijana wawili, mtaimbo mmoja, na mimi nimekaa chini ya mwembe nimejifanya msimamizi. Walipofika kina cha kiuno, kijana mmoja akaacha kuchimba. Hakupiga ukelele. Aliinama, akapukusa udongo kwa kidole, akasema taratibu, "Ami, hapa pana mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa amebakia kidogo: nusu ya taya la chini lenye magego matatu. Vipande vingine vya mfupa vilikuwa vikimong'onyoka kila vikishikwa, kama biskuti iliyolowa chai. Lakini magego yalikuwa mazima. Mizizi imeshika rangi ya udongo, juu bado yanang'aa kama kikombe cha kauri.

Sheha akaitwa. Sheha akaita polisi. Askari akaja na pikipiki, akatazama, akasema hii ya kale, hapa hakuna kesi, akaondoka. Mwisho akaja Maalim wa msikitini, akavua viatu pembezoni mwa shimo kama anayeingia ndani mwa watu. Taya lilikuwa limelazwa juu ya kipande cha bafta. Akavaa miwani, akaliangalia upande huu na upande huu, akauliza, "Huyu mume au mke?"

Wote wakanigeukia mimi. Nimesomesha bailojia skuli miaka kumi na moja, na kijijini bado naitwa mwalimu. "Haya mwalimu, sema." Sikuwa na la kusema.

Maalim hakuuliza kwa udadisi. Kiswahili chetu kina sitara: "yeye" ni mmoja kwa wote, na unaweza kumsimulia mtu kutwa nzima barazani asijulikane ni bwana au bibi. Lakini dua ya maiti huombwa kwa Kiarabu, na Kiarabu kinakutaka uchague, lahu au laha. Kwetu Mashafi imamu husimama usawa wa kichwa maiti akiwa mwanamme, na usawa wa kiuno akiwa mwanamke. Sanda ya mwanamme ni vipande vitatu, ya mwanamke vitano. Mume huoshwa na waume, mke huoshwa na wake. Tangu mtu kukata roho mpaka kufukiwa, jinsi yake huulizwa mara nne au tano, na siku zote mwenye jibu ni mwili.

Mzee mmoja akasema huyu keshazikwa na keshaswaliwa na watu wake, tumrudishe tu tulipomtoa. Maalim akamjibu kwamba hatujui. Huenda ni mtu aliyeletwa na bahari akafukiwa na wapita njia, na kiungo cha maiti kikipatikana huoshwa, husitiriwa na huswaliwa. Kisha akatueleza kwamba hata hili la kutojua wanazuoni wamelitangulia. Msomaji anaweza kukielekeza kiwakilishi kwenye neno "maiti", ambalo Kiarabu hulifanya la kiume, au kwenye neno "janaza", ambalo hulifanya la kike, na swala yake ikasihi. Fiqhi ilishafikiria nusu ya taya zamani sana, kabla maabara haijafikiria.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninachokipata juu ya jambo hili la kumjua maiti mume au mke kwa mabaki yake, na nimefika mahali nina maoni. Lipo jipya la kweli, la kulipima jino, linafaa hapa kwetu pengine kuliko huko lilikozaliwa, ila lina upande mmoja ambao wanaolishangilia huupita haraka.

Njia ya zamani ni mifupa. Nyonga ya mwanamke imetanuka kwa ajili ya uzazi, fuvu la mwanamme huwa na ukingo mzito juu ya macho, na mtaalamu mzoefu aliyepewa nyonga nzima hakosei sana. Tabu ni hiyo "nyonga nzima". Na mtoto ambaye hajabaleghe mifupa yake haina la kusema: ya Ali na ya Asha ni ile ile.

Njia ya pili ni vinasaba, na hapa adui ni joto na unyevu, vitu ambavyo Mungu ametupa kwa wingi. Isiwe tukasema visiwani havipatikani. Mwaka 2017 yalitoka matokeo ya vinasaba vya watu walioishi kiasi cha miaka 1,400 iliyopita, kutoka pango la Kuumbi upande wa Jambiani na pango la Makangale huku Pemba. Watu hao walikuwa wa nasaba ya wawindaji, na mwengine wa Makangale wa kama miaka 600 nyuma akawa wa nasaba ya Kibantu. Mwaka 2023 wakafuata watu 80, wengi wao wa miji ya mwambao, wa Manda, Mtwapa, Faza, Kilwa na Songo Mnara, wa kati ya mwaka 1250 na 1800. Humo ndimo ilimoonekana kwamba damu ya Uajemi iliingia zaidi kwa upande wa baba, na bibi zetu wakawa karibu wote ni watu wa hapa hapa Afrika. Kwa hiyo vinasaba hutoka. Lakini hutoka kwa bahati, na ili uijaribu bahati hiyo inabidi usage kipande cha mtu kiwe unga.

Jino ni jambo jengine. Ule utando mgumu wa juu, enameli, kwa uzito wake ni madini kama asilimia 96, na mwili hauna kitu kigumu kuliko huo. Hauna seli ndani yake, hauna mishipa, haujijengi upya. Ukivunjika umevunjika. Na hujengwa mapema: meno ya utoto huanza kuvikwa enameli mtoto akiwa bado tumboni, kwenye mwezi wa nne hivi. Aliyewahi kumwaga zege ataelewa unavyojengwa. Fundi hufunga mbao kwanza, akamwaga zege, zege likishika akabandua mbao zake. Mwili nao hufunga mbao zake, protini iitwayo amelojenini, madini yakajipanga juu yake, kisha vimeng'enya vikaja kuibomoa protini na kuitoa. Sasa, fundi gani aliyewahi kubandua mbao zote? Siku zote hubakia vibanzi vimenaswa ndani ya zege. Vibanzi vya amelojenini hunaswa ndani ya enameli, na vikinaswa humo hewa haiviwahi, maji hayaviwahi, vijidudu haviviwahi.

Ramani ya mbao hizo imeandikwa mahali pawili, kwenye kromosomu X na kwenye kromosomu Y, na nakala mbili hizo zimepishana kidogo. Mwanamke ana X mbili, hana Y. Vibanzi vyake vyote ni vya X. Mwanamme ana moja ya kila aina, kwa hiyo ana vibanzi vya aina mbili. Ukiviona vya Y, umemwona mwanamme.

Watafiti wa Uingereza walioitangaza njia hii mwishoni mwa 2017 waliifanya iwe nyepesi hata inachekesha. Jino husafishwa, likagusishwa asidi ya haidrokloriki ya asilimia 5. Maji ya mwanzo humwagwa, maana yana uchafu wa nje. Likagusishwa tena dakika mbili, na hayo ya pili ndiyo yanayowekwa. Jino lenyewe hubaki zima, limekwanguliwa kiasi ambacho jicho halioni. Maji yale hupelekwa kwenye spektrometa ya tungamo, mashine ambayo kazi yake ni ya sonara: kupima. Kila kibanzi hutiwa chaji ya umeme, kikarushwa, kikapimwa uzito wake kwa kadiri ya chaji yake. Kibanzi kimoja mashuhuri cha Y husomeka kwenye 440, cha X kwenye 540. Sonara wa Mji Mkongwe anaitofautisha bangili ya dhahabu na ya shaba kwa mizani. Mashine hii inavitofautisha vibanzi ambavyo hata darubini haivioni.

Kwa Muislamu, huko kubaki kwa jino zima si jambo la pembeni. Ipo hadithi iliyopokewa na Abu Daud kutoka kwa Bibi Aisha, kwamba kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja wa aliye hai. Ukimwendea Maalim ukamwambia unataka kusaga gego moja katika yale matatu, mtagombana, na mimi nitakuwa upande wake. Ukimwambia unataka kulilowesha dakika mbili kisha ulirudishe, mtazungumza.

Na kama ni umri, enameli haina mpinzani. Mwaka 2025 zilichapishwa habari za meno ya viumbe wa jamii ya Paranthropus, jamaa wa kale wa binadamu, kutoka Swartkrans, Afrika Kusini, ya miaka milioni 2. Vinasaba vya umri huo katika joto la Afrika hata usiviulize. Protini za enameli zilijibu, na jino moja ambalo kwa udogo wake lilidhaniwa la jike likatoka la dume. Tangu zamani watu wamekuwa wakigawa jinsi kwa ukubwa wa jino, kubwa la mume na dogo la mke. Nami pale shimoni, naona haya kusema, nilikuwa nimeanza kuyapima yale magego kwa macho.

Sasa ule upande unaopitwa haraka.

Jibu la "mwanamme" na jibu la "mwanamke" katika kipimo hiki hayana uzito mmoja. Mwanamme hujulikana kwa kuonekana kitu. Mwanamke hujulikana kwa kutoonekana kitu. Ukibisha hodi mara tatu usiitikiwe, imma nyumba haina mtu, imma mwenyewe amelala. Kutoitikiwa peke yake hakukwambii ni lipi. Na kwa bahati mbaya Y ni mwenye sauti ndogo: jeni yake hufanya kazi kiasi cha sehemu moja ya kumi tu ya jeni ya X. Kwenye jino lililochoka, lililokaa udongoni miaka mia tano likapitiwa na mvua za masika mia tano, vibanzi vya X vinaweza kubakia vya kutosha kusomeka na vya Y vikazama chini ya uwezo wa mashine. Mwanamme huyo atatoka maabara na cheti cha mwanamke.

Wenye kazi yao wanalijua hili na wana dawa yake. Husikiliza kwanza X amepaza sauti kiasi gani. Kama X amesikika kwa nguvu sana, basi hata sehemu moja ya kumi ya sauti ile ingesikika. Isiposikika, unaweza kusema ni mwanamke na ukalala usingizi. Kama X mwenyewe alikuwa ananong'ona, basi kimya cha Y si ushahidi, na jibu la haki ni kwamba halijulikani. Lakini tofauti hii hukaa ndani ya majedwali. Ikifika kwenye magazeti, mwanamke ni mwanamke.

Lipo na jengine, na hili linatuhusu sisi watu wa bahari ya Hindi kuliko Waingereza. Wapo wanaume wazima, wenye watoto wao, ambao kipande cha kromosomu Y chenye jeni ya amelojenini kimekatika. Hawana maradhi yoyote, meno yao ni kama ya watu wengine, na wala hawajijui. Hali hii ni adimu sehemu nyingi za dunia, lakini imeonekana zaidi kwa watu wa Bara Hindi na Sri Lanka. Iligunduliwa kupitia vipimo vya vinasaba vya kutambua jinsi, damu ya mwanamme ikitoka "ya mwanamke". Basi angalia Zanzibar: mji ambao Wahindi wameishi, wamezaa na wamezikwa kwa karne nyingi, na hata wale wafu wa mwambao waliopimwa 2023 walikuwa na sehemu ya damu ya Kihindi. Kipimo kilichosawazishwa kwa makaburi ya kaskazini ya Uingereza, kikija hapa kina kosa ambalo kule halikuwahi kukisumbua. Kosa lenyewe si kubwa, lakini lina mwelekeo. Siku zote humgeuza mume kuwa mke, halimgeuzi mke kuwa mume.

Kuna njia nyengine, spektroskopia ya Raman, ambayo jina lake linakaribiana na la hii ya spektrometa na watu huzichanganya. Hiyo haipimi uzito, huuliza kwa mwanga. Unalimulika jino kwa leza, mwanga mwingi unarudi kama ulivyokwenda, na chembe kidogo sana inarudi imebadilika rangi kwa sababu imegusana na molekuli zinazotikisika. Kila molekuli hutikisika kwa namna yake. Fosfeti ya enameli, kwa mfano, huacha alama yake kwenye 960. Aliyeligundua jambo hili ni C. V. Raman, kule Kolkata, mwaka 1928, akapewa Nobel 1930. Fikira yenyewe ilimwanzia safarini 1921, akiwa melini, akijiuliza kwa nini bahari ni buluu. Sisi tunaoitazama buluu hiyo kila siku tumeishia kuitungia mashairi.

Mwaka 2021 watafiti wa Zagreb, Kroatia, walionesha kwamba kompyuta ikifundishwa alama za Raman za meno ya wanaume na ya wanawake inaweza kuyagawa. Inavutia. Hakuna asidi, hakuna kukwangua, unamulika tu. Ningependa iwe kweli kwa meno yote, lakini sioni itakavyokuwa. Ndani ya mwanga ule hakuna kitu kimoja ambacho mwanamme anacho na mwanamke hana. Kuna tofauti ndogo ndogo za madini na protini ambazo kompyuta imezijumlisha ikatoa wastani. Mnunuzi wa karafuu wa Wete huchota ukufi, akazisugua, akasikiliza zinavyokwaruza, akakwambia hizi bado zina maji, na hakosei. Mpeleke akanunue kahawa kwa sikio lile lile uone. Meno ya Zagreb yaliyong'olewa juzi yana umri wao, chakula chao na maji yao. Meno yetu yana tambuu ya miaka arobaini. Ya mtu wa Arusha yana floraidi ya maji ya kule, iliyoingia ndani ya madini yenyewe. Na jino lililozikwa hubadilishana madini na udongo kila msimu. Kwa jino bichi, la kesi ya jana, lililolinganishwa na meno ya watu wa mahali pale pale, sina neno. Kwa taya la shimoni kwa ami, hapana.

Narudi kwenye ile ya kupima uzito, maana ndiyo ninayoitetea. Huko Ulaya imeleta mishangao ya kutosha. Kule Valencina, karibu na Sevilla, lilifukuliwa mwaka 2008 kaburi la kifahari la karibu miaka 5,000, ndani yake mkiwamo pembe nzima ya tembo wa Afrika. Wakasema ni kijana wa kiume, bila shaka mtawala. Mwaka 2023 enameli ikasema ni mwanamke. Kule Modena, Italia, mifupa miwili iliyoonekana 2009 ikiwa imeshikana mikono ilibatizwa jina la wapenzi. Mwaka 2019 enameli ikasema wote wawili ni wanaume. Walikuwa ndugu? Askari wa kikosi kimoja? Hilo jino halijui. Linajua jinsi tu. Jina, dini, kabila, muungwana au mtumwa, hayo si ya kwake.

Angalia hata hivyo walivyokosea Valencina. Walikosea kwa sababu kaburi lilikuwa na mali, na mali ikawaambia "mwanamme". Kwetu hata kosa hilo huwezi kulifanya. Makaburi ya Kiislamu ya mwambao hayana mali: mtu amelazwa ubavu wa kulia, uso umeelekea kibla, basi. Hana shanga, hana upanga. Kwa hiyo mchimbaji anayekuta mifupa iliyooza Ras Mkumbuu au Chwaka hana hata cha kumpoteza. Na pale ambapo jiwe la juu linazungumza, kaburi la mnara kwa mfano, mazoea yamekwisha kumjibu: shehe, sultani, mtu mkubwa, yaani mwanamme. Wakati Unguja mwishoni mwa karne ya 17 ilikuwa chini ya Malkia Fatuma, aliyeshikamana na Wareno mpaka Waomani wakamchukua Maskati. Pemba nasi tunamhadithia Mkama Ndume, mtawala wa Pujini, kwa ukali wake, na ukiuliza majina ya wanawake wa zama zile watu walipobeba mawe ya ngome ile kwa kusota, kama hadithi inavyosema, utaambiwa walikuwa wengi.

Sisemi tukafukue. Kaburi lililotulia liachwe litulie, na mtafiti anayetaka kujua tu ajizuie kama tunavyojizuia sisi wengine na mengi tunayotaka kuyajua. Lakini bahari inakula fukwe na makaburi yake, hoteli zinachimba misingi, na watu wanachimba makaro. Hao wanaotoka wenyewe ndio ninaowazungumzia.

Nawazungumzia pia wa juzi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander ikija Pemba. Maiti waliopatikana walikuwa mia mbili na kitu. Waliopotea moja kwa moja, kwa hesabu ya tume, walizidi elfu. Julai ya mwaka uliofuata ikazama Skagit karibu na Chumbe. Hakuna nyumba ya Pemba isiyokuwa na jina katika hesabu hizo, na yangu imo. Kwenye maafa ya namna ile dunia hutegemea vitu vitatu kumtambua mtu: alama za vidole, meno na vinasaba. Meno huko kwao ni rahisi, daktari wa meno ana faili la kila mtu. Sisi tunakwenda kwa daktari wa meno siku ya kung'oa. Hakuna faili la kulinganisha. Kwa hiyo jino letu halitataja jina. Lakini bahari ikilitoa fuvu baada ya miezi, jino litasema mume au mke, na likiwa la mtoto litasema pia umri wake kwa karibu sana, kwa kuangalia lipi limeota na lipi bado. Mtoto wa kike wa kama miaka sita. Katika orodha ya mia kadhaa unabakia na majina machache, na vinasaba vya wazazi vinamalizia. Kabla ya njia hii, mifupa ya mtoto yule ingeandikwa "mtoto".

Mashine yenyewe ni ghali na inataka umeme usiokatika na mtu wa kuilea. Sidhani kila kisiwa kinahitaji yake. Lakini asidi si ghali, na dakika mbili si ghali. Hata skuli niliyosomesha mimi ilikuwa na asidi ya haidrokloriki, ingawa kabati lake lilipotea ufunguo. Kazi ya kuligusisha jino inaweza kufanyika hapa hapa, mbele ya Idara ya Mambo ya Kale na mbele ya Maalim, kile kitone kikasafiri na jino likabaki. Mpaka leo tumezowea kinyume chake: kinachosafiri ni mtu mwenyewe, ndani ya kisanduku, na kinachorudi ni makala ya Kiingereza. Ningependa pia fomu ya majibu iwe na vyumba vitatu badala ya viwili. Fiqhi inayo hukumu ya khuntha, mwenye maumbile ya kiume na ya kike, na inayo hukumu ya asiyejulikana, wala haijawahi kuona aibu kwayo. Maabara isione aibu kuandika kwamba X alisikika kwa mbali na Y hakusikika, hatujui.

Siku ile Maalim aliliosha taya mwenyewe, kwa maji ya birika, akamwagia kafuri, akalikunja ndani ya bafta lisilozidi ukubwa wa leso. Tukapanga safu mbili nyuma yake chini ya mwembe. Kichwa hakikuwapo, wala kiuno. Akasimama tu mbele ya kile kifurushi, akaswalisha.

Karo likachimbwa upande mwengine. Jioni sheha akaja barazani na daftari lake, maana kilichotoka ardhini lazima kiandikwe. Tarehe akaiandika, mahali akapaandika, jina akaandika "hajulikani". Kwenye chumba cha jinsi akasita kidogo, akaandika "Me".

Nikamuuliza, "Sheha, hiyo umeijuaje?"

"Sikuijua, mwalimu," akasema, akifunga kalamu. "Lakini wakubwa hawapokei karatasi yenye chumba kitupu."